Moto wa Nyika: Choma Mapema au Usichome



Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mvua za masika hukoma mwezi wa Mei, na mvua za vuli huanza Septemba au Oktoba. Katikati hapo majani ya vilimani hukauka kabisa. Mchungaji huyachoma apate majani mabichi, mrina asali hudondosha kijinga cha moto, mwingine husafisha shamba, na upepo huuchukua moto hata migombani.

Kumbuka neno hili: moto wa Agosti si sawa na moto wa Juni. Mwezi wa Juni majani yana maji bado. Moto hutambaa polepole na huacha mabaka yasiyoungua. Mwezi wa Agosti moto ni mkali, huua miti michanga na mashina ya majani. Kisha mvua ya kwanza huukuta mlima uchi, na udongo huteremka bondeni.

Tena, majani huvuta hewa ya ukaa kutoka angani, hewa ile ile inayozidisha joto duniani. Sehemu yake hushuka mizizini, na mizizi ikioza huufanya udongo kuwa mweusi wenye kushika maji. Katika nchi ya majani akiba kubwa ya ukaa iko chini ya ardhi. Ukiilinda mizizi umeilinda akiba hiyo, na malisho yako pia.

Basi fanya hivi:

1. Mwezi wa Mei kata majani, uyatandaze penye migomba na kahawa. Yakioza ni mbolea.

2. Matandazo makavu nayo huungua. Palilia njia ya hatua tano kati ya shamba na nyika.

3. Ukitaka kuchoma ukanda wa kuzuia moto, pata kwanza ruhusa ya serikali ya kijiji. Lima mistari miwili, uchome katikati yake mwezi wa Juni, jioni upepo ukitulia, majirani wakishika matawi mabichi. Msiondoke mpaka moshi umekwisha.

4. Mteremko mkali usichome kamwe.

5. Majani yakichipua, usiwapeleke ng'ombe mpaka yafike magotini.

Anayewasha ni mmoja, wanaopata hasara ni kijiji kizima. Kaeni pamoja mapema, mkamwite na Bwana Shamba, mpange nani atalinda upande upi.