Somo la Tawi: Namna Muuguzi Anavyozungumza na Mtu Aliyelemewa na Mawazo



Somo la toleo hili si la mishahara wala la mikataba. Ni somo la mazungumzo: namna wauguzi wa wagonjwa wa akili wanavyosema na mgonjwa, na namna wanavyomsaidia kuubeba mzigo wake. Baadhi yenu mtauliza jambo hili linahusu chama kwa njia gani. Tutaanza na kosa letu wenyewe, ndipo mtaona.

Katika kiwanda kimoja cha sukari hapa Uganda alikuwapo ndugu mmoja, mtu wa boila, zamu ya usiku. Kwao ni Yumbe. Mwaka 2018 mwenzake aliunguzwa na mvuke mbele ya macho yake, akafa baada ya siku chache. Tulizika, ndugu huyu akarudi kazini kama kawaida. Miezi miwili ikapita. Kisha akaanza kuchelewa, kusinzia, na kusimama mbele ya geji bila kuisoma. Kambini hakusalimu mtu. Alipopata barua ya pili ya onyo, sisi wa tawi tukamwita ofisini. Tulikuwa wanne upande mmoja wa meza, yeye peke yake upande wa pili. Tukamwuliza, "Unakunywa?" Akanyamaza. Tukamwuliza, "Kwa nini unatuaibisha?" Akanyamaza tena. Mmoja wetu akamwambia ajikaze, yeye ni mwanamume na ana watoto. Akajibu, "Ndiyo, mzee." Tukaona kazi imekwisha.

Basi tukamwandikia barua ya kuomba radhi, kwamba alikuwa amelewa na hatarudia. Tulidhani ulevi utasamehewa upesi kuliko uvivu. Akatia sahihi bila kuisoma. Ndugu huyu ni mtu wa swala tano na hajaonja pombe tangu azaliwe, na kila mtu kambini alijua hivyo isipokuwa sisi viongozi wake. Mwezi uliofuata akafanya kosa jingine dogo, na barua ile ile ndiyo iliyotumika kumfukuza.

Dada yake alikuja kumchukua, akampeleka hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako kuna wodi ya wagonjwa wa akili. Tulikwenda kumtazama, tukiwa na sabuni na sukari mkononi na aibu moyoni. Siku hiyo tulimwona muuguzi akifanya kazi yake. Ni mama wa makamo, hana haraka. Kwanza alimwuliza mgonjwa kama anataka tubaki au tutoke. Alipokubali tubaki, muuguzi akasogeza benchi akaketi kando yake, si mbele yake kama hakimu. Akataja jina lake, akasema, "Nina nusu saa, na nusu saa hii ni yako." Kisha akanyamaza.

Ndugu zetu, kimya kile kilikuwa kirefu. Mmoja wetu alitaka kukijaza kwa maneno, mwenzake akamkanyaga mguu. Mwishowe mgonjwa akasema, "Nimechoka." Sisi tungalisema pole, utapona, Mungu yupo. Muuguzi alisema tu, "Umechoka," kama mtu anayepokea kitu mkononi. Akaongeza, "Nieleze uchovu huo ulivyo." Hapo ndipo maneno yakatoka: mvuke, kelele ya mwenzake, harufu, na usiku wote ambao hakuweza kulala mchana wake. Katika miezi mitano hakuna mtu aliyemwomba aeleze.

Baadaye muuguzi alitufafanulia, nasi tuliandika. Swali la "unakunywa?" lina majibu mawili tu, ndiyo au hapana, na lina hukumu ndani yake. Swali la "kwa nini?" ni swali la polisi, mtu hujitetea au hujifungia. Lakini ukisema "nieleze" au "ilikuwaje baada ya hapo?", unamfungulia mlango naye ndiye anayeamua kuingia. Ukimrudishia maneno yake mwenyewe, anajua amesikika, na kama umesikia vibaya anakusahihisha. Mashauri ya haraka, alisema, mara nyingi ni njia ya msikilizaji kujiondolea taabu yeye mwenyewe. Maneno hayo yalituingia sana, maana sisi waandaaji wa chama tunapenda mno kushauri.

Kisha likaja swali lililotushtua. Muuguzi alimtazama mgonjwa akasema kwa sauti ile ile ya utaratibu, "Mtu akichoka namna hii, pengine huwaza afadhali afe. Wewe umewaza hivyo?" Tulidhani atamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Mgonjwa akasema, "Ndiyo. Siku nyingi." Akalia, na uso wake ukalegea. Muuguzi hakushangaa wala hakumkemea. Alimwuliza kama amepanga lolote, kama kuna kitu cha hatari karibu naye, na nani anakaa naye nyumbani. Akamwambia wazi kwamba neno hili hawezi kulificha, atamwambia daktari, kwa kuwa anataka aishi. Tulipomwuliza baadaye, alijibu kwamba imekwisha kuchunguzwa: kumwuliza mtu kwa upole habari ya kujiua hakumtii wazo hilo. Humpa ruhusa ya kusema.

Watu wengine hawasemi kwa kuogopa kukamatwa. Katika nchi jirani ya Kenya, tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na katiba. Hilo ni jambo kubwa, maana mtu anayetaka kufa anahitaji benchi la kuketi na mtu wa kumsikia.

Maarifa haya yana historia. Mwaka 1952 muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, alitoa kitabu kilichosema kwamba uhusiano wenyewe kati ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba. Mpaka wakati huo watu wengi walimwona muuguzi kuwa mtu wa kugawa dawa, kuosha na kufunga milango. Hapa kwetu hospitali ya Butabika, Kampala, ilifunguliwa mwaka 1955, na imekuwa pia mahali pa kufundishia wauguzi wa fani hii. Watu wengi huitaja Butabika kwa mzaha tu, kumtukana mtu kwamba ana wazimu. Mzaha huo umewachelewesha wagonjwa wengi nyumbani, na wengine wamefikishwa hospitali wakiwa wamefungwa kamba.

Tumtaje na yule anayesikia sauti au anayeona watu wasioonekana, maana katika mashamba yetu watu humcheka au humpiga. Muuguzi habishani naye kwamba hakuna kitu, wala hakubali kwamba kipo. Husema, "Mimi siisikii sauti hiyo, lakini naona inakuogopesha." Neno hilo ni la kweli na halimvunjii mtu heshima. Kama mtu amefoka, aseme naye mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, kwa mbali kidogo, mlango ukiwa wazi. Askari sita wakimzunguka kwa marungu, hata mzima angepigana.

Sasa habari ya kukabili taabu. Muuguzi yule alimgawia ndugu yetu mzigo wake mafungu mawili. Fungu moja ni mambo yanayoweza kubadilika: zamu ya usiku, kusimama mahali pale pale mwenzake alipoungua, kazi aliyofukuzwa. Hayo hutafutiwa hatua, ndogo ndogo, na mtu wa kusaidia. Fungu la pili halibadiliki: aliyekufa hatarudi. Hilo lahitaji kuomboleza. Alimtuma aende kwa mjane wa mwenzake akakae naye, jambo aliloliogopa tangu mazishi kwa kudhani analaumiwa. Akamwekea saa za kulala, kutembea kila asubuhi, swala zake, na kazi ndogo ya mikono. Daktari alimpa dawa pia. Dawa za huzuni nzito, ugonjwa unaoitwa sonona, huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi sawasawa. Mtu asizitupe juma la kwanza kwa kuona hazifai, wala asiziache siku anapojisikia nafuu bila kumwuliza aliyempa.

Mkisema wauguzi ni wachache, mnasema kweli, na hilo ni shauri la chama pia, kwa kuwa wauguzi ni wafanyakazi kama sisi. Mama yule alituambia kwamba wodi ikijaa, nusu saa ile huwa dakika tano. Naye hulemewa. Kinachomsaidia ni kusema na wenzake wakati wa kubadilishana zamu, kueleza yaliyomgusa siku hiyo, ili asiyapeleke yote nyumbani kwa watoto wake. Alisema hayo huku akicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Hata hivyo tusidhani kwamba bila muuguzi hakuna linalowezekana. Mwaka 2002 katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai watafiti walifanya jaribio. Waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe ugonjwa huu wanauitaje, wakapata maneno ya Kiganda, kama okwekyawa, yaani kujichukia. Kisha wakaunda vikundi vya watu waliolemewa, vikakutana mara moja kwa juma, muda wa saa moja na nusu, kwa majuma 16. Waliongoza wenyeji wa kawaida wa huko, si madaktari, waliofundishwa majuma mawili tu. Waliongea juu ya mambo kama kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, na mabadiliko ya maisha. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki 6 au 7. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi walikuwa 94, wakabaki 55. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Yasomeni tena mambo yale, mfikirie kambi za miwa na za chai. Nani huko hajaacha kwao, hajafiwa mbali, hajagombana na mkewe kwa fedha zilizopelekwa nyumbani?

Basi katika tawi letu tumekubaliana hivi. Mwanachama akibadilika, akinyamaza, akikosa kazi, haitwi tena mbele ya meza ya watu wanne. Anaendewa na mtu mmoja anayemwamini, jioni, wanaketi kando kwa kando. Mwanamke anaendewa na mwanamke akitaka hivyo. Aliyoyasema hayapelekwi kilabuni wala kwa nyapara. Akitaja kufa, haachwi peke yake usiku huo, na asubuhi anasindikizwa hospitali. Sisi si wauguzi, na mwisho wa kazi yetu ni mlango wa wodi. Tena tumedai kwamba stoo ya dawa za magugu na za wadudu ifungwe kwa kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili. Sri Lanka, nchi ya chai kama Fort Portal, ilipiga marufuku dawa za shamba zenye sumu kali zaidi, na idadi ya watu wanaojiua ikashuka sana.

Ndugu yetu wa boila alitoka hospitali baada ya majuma matano. Tulikwenda kwa afisa wa kazi wa wilaya na barua ya daktari, yeye akiwa ametukubalia kuitumia, tukaeleza mbele ya mwajiri kwamba ile habari ya ulevi tuliiandika sisi na haikuwa kweli. Haikuwa siku tamu. Mwishoni mwa 2019 alirudishwa kazini, zamu ya mchana, kwenye mizani ya miwa. Boila hajaikaribia tena na hatumshurutishi. Fidia ya miezi aliyokaa nje hakupata. Barua yenye sahihi yake bado imo ndani ya faili. Tumeandika mara tatu kuomba itolewe, tumejibiwa kwamba jambo linaangaliwa. Barua ya nne imepelekwa mwezi huu.