Oksidi ya Kinywe: Kwa Nini Ioshwe kwa Spiriti?

Kinywe ni yale madini meusi ya ndani ya penseli. Bariadi na Simiyu nzima tunajulikana kwa pamba; kwa kinywe hutajwa Mahenge, Ruangwa na Merelani. Lakini kemia yake yaweza kumfikia mwanafunzi popote alipo.

Oksidi yake ni nini?
Ni kinywe kilichoingizwa oksijeni kwenye tabaka zake. Njia maarufu ni ya Hummers na Offeman, ya 1958: tindikali ya salfuriki, sodiamu naitreti na potasiamu pamanganeti, kisha haidrojeni peroksaidi ya kuzima pamanganeti iliyobaki. Linabaki tope lililojaa tindikali na chumvi. Ndilo la kuoshwa.

Maji yana kosa gani?
Umewahi kuchuja mlenda? Mwanzoni, tindikali ikiwa bado nyingi, tope huchujika bila taabu. Kadiri maji yanavyoiondoa, tabaka zinakunywa maji, zinafura, zinaachana. Karatasi ya chujio inaziba, unasubiri tone moja moja. Ukiongeza maji, mlenda unazidi.

Spiriti inasaidiaje?
Ndani ya spiriti, yaani ethanoli, tabaka hazifuri kiasi hicho. Unga unatuama, unachujika upesi na kukauka upesi. Mwaka 2012 kundi la James Tour, Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, lilisafisha oksidi hii kwa vimiminika visivyo maji, methanoli ikiwemo, likapata rangi nyepesi sana. Kumbe ile kahawia tuliyoizoea kwa sehemu huletwa na maji yenyewe.

Basi tuache maji kabisa?
Hapana, na hapa wengi hukosea. Kati ya zile chumvi za kwenye tope, salfeti ya manganizi haiyeyuki vizuri katika ethanoli. Osha kwanza kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa: inabeba chumvi na kuzuia kufura. Spiriti ije baadaye kuondoa asidi. Chumvi za potasiamu zikibaki, unga mkavu hushika moto kirahisi.

Naweza kujaribu nyumbani?
Usithubutu. Pamanganeti ya duka la dawa ikikutana na tindikali kali ya salfuriki, kisha spiriti, hulipuka. Peroksaidi lazima iwe imemaliza kazi kabla spiriti haijafunguliwa, na methanoli hupofusha hata kuua. Mzazi, ukimkuta kijana na pamanganeti pamoja na maji ya betri (nayo ni tindikali ya salfuriki), vitenganishe kwanza, maswali yafuate.