Mkono wa Nani?

Somo la juma: Kutoka 31:1-5, Isaya 49:14-16

Wengi wetu hapa Rubona tulivuka mpaka mikono mitupu. Tangu siku ile tumezoea kuulizwa namba ya karatasi kabla ya jina. Leo tujifunze juu ya jina kutoka kwa wachoraji wa picha takatifu.

1. Waliojificha. Zamani, wachoraji wengi wa Kanisa la Constantinople waliandika jina la mtakatifu kwenye picha, bali la kwao hawakuliandika.

2. Waliotia jina kwa unyenyekevu. Angelos Akotantos wa kisiwa cha Krete, karne ya 15, aliandika tu: "Mkono wa Angelos." Yeye ni mkono uliotumika. Na karibu na kwetu, Ethiopia, siku za mfalme Zara Yaqob (1434–1468), Fre Seyon aliacha jina lake kwenye picha ya Mariamu na Mtoto katika kisiwa cha Daga, Ziwa Tana. Maana ya jina hilo ni Tunda la Sayuni.

3. Mkimbizi. Padri Emmanuel Tzanes alizaliwa Rethymno, Krete, mwaka 1610. Vita vya Waturuki vilipouteka mji wake mwaka 1646, alikimbilia kisiwa cha Corfu, kisha Venice, Italia, akafariki huko mwaka 1690. Mji ulibaki nyuma. Mkono na jina alikwenda navyo. Ugenini aliendelea kuchora, akatia jina lake na neno "padri".

Fundisho. Bezaleli aliitwa kwa jina jangwani, watu wakingali hemani. Bwana hakungoja wafike Kanaani. Basi fundi cherehani, seremala, mama msuka vikapu, usiseme, "Nitakuwa mtu siku nikirudi." Naye Sayuni, aliyedhani amesahauliwa, Bwana anamwambia amechorwa viganjani mwake. Karatasi ikipotea, kiganja kile hakipotei.

Kwa jamaa nyumbani. Watoto waliozaliwa huku hawajui kwao. Jioni hii mzazi awatajie majina ya babu na bibi, kijiji, na kazi waliyoifanya. Mwenye kalamu ayaandike nyuma ya Biblia.

Maswali:
1. Tofauti ya kutia jina kwa majivuno na kwa shukrani ni nini?
2. Mkono wako unajua kazi gani, na ni nani unayemfundisha?

Mungu awabariki.