USIUZE CHANJO KABLA HUJAULIZA

Leo nawapa somo lililonigharimu mteja.

Dada mmoja alinitumia meseji: "Kuku wangu wanasinzia, wanaharisha kijani, mmoja shingo imepinda. Naomba dawa ya kideri." Nikampa bodaboda chanjo, saa saba mchana, kwenye mfuko tu. Ndani ya siku nne banda likabaki tupu. Hela nilimrudishia, kuku je?

Nilikosea mara mbili. Ugonjwa wa kideri (mdondo) hauna dawa, na chanjo ni ya kuku wazima. Halafu chanjo haitaki joto.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Nauliza kwanza: kuku wote wazima? Kama wanaumwa, siuzi chanjo. Namwambia atenge wagonjwa, asiuze kuku wala kugawa, amwite mtaalamu wa mifugo.
2. Chanjo inasafiri na barafu, asubuhi au jioni.
3. Natuma maelezo: ya matone ni tone moja jichoni, kila kuku.
4. Naandika tarehe. Baada ya miezi mitatu namkumbusha kurudia.

Hiyo namba 4 ndiyo inayorudisha wateja. Wewe chanjo unaitumaje? Tuambie hapo chini.