Vidokezo 7 vya kutambua urujuani wa Usambara porini

Urujuani unaopamba madirisha ya nyumba duniani kote asili yake ni misitu yetu ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, aliupeleka kwao; mwaka uliofuata Hermann Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Leo wataalamu huuita Streptocarpus ionanthus. Aina zake za porini zinafanana mno, ila ukijua pa kutazama, utazibaini.

1. Anza na jani, si ua. Maua mengi ni ya zambarau: petali mbili ndogo juu, tatu kubwa chini, na vifuko viwili vya chavua vya manjano. Rangi peke yake haikupi jibu.

2. Chunguza vinyweleo. Chukua lenzi, utazame jani upande wa mwanga bila kulichuma. Vimesimama au vimelala? Virefu na vifupi vimechanganyika? Jani la aina iitwayo velutinus ni laini kama mahameli. La aina iitwayo nitidus linang'aa.

3. Tazama chini ya jani. Liinue taratibu kwa kidole. Kwa velutinus utaona wekundu wa zambarau. Aina nyingine nyingi zina kijani kilichopauka.

4. Angalia mmea ulivyokaa. Ionanthus hupanga majani duara, yakibana mwamba. Aina ya grotei ya Usambara Mashariki hutambaa kwa shina refu, na vikonyo vya majani yake ni virefu pia.

5. Usilipite tunda. Maua yakishaanguka, tunda ndilo linalobaki kutoa ushahidi. Andika kama ni fupi na nene au refu na jembamba.

6. Mahali ni nusu ya jibu. Miamba ya chokaa ya Kilifi? Fikiria rupicola. Kilima cha Mbololo, Taita? Teitensis. Uluguru? Goetzeanus. Ukiwa Shume, Usambara Magharibi, tafuta shumensis: mmea mdogo wenye ua lililopauka na doa la zambarau katikati.

7. Usilazimishe jina. Aina hizi huchavushana, na mimea ya kati na kati ipo. Ndiyo maana mwaka 2006 Iain Darbyshire wa bustani ya Kew aliziweka nyingi zilizohesabiwa spishi kuwa nususpishi za ionanthus. Kuandika "unakaribia grotei" ni jibu halali kabisa.

Ukimaliza, piga picha nne: mmea mzima, jani juu, jani chini, na tunda. Andika na kimo cha mahali. Using'oe mmea hata mmoja. Aina nyingine zina kilima kimoja tu cha kuishi, na kivuli cha msitu kikiondoka, nazo zinaondoka.