SOMO LA KAZI ZA AFISI: KUHIFADHI BARUA-PEPE ZIPATE KUFUNGUKA



Twaendelea na mafunzo yetu ya kazi za afisi. Somo la safari hii ni barua-pepe: namna ya kuitoa katika mtandao na kuiweka ndani ya kompyuta kama faili, ili siku itakapotakiwa ifunguke sawasawa, nzima, pamoja na kila kilichokuja nayo.

Pengine mwanachama atauliza: mkulima wa mikarafuu ana haja gani na mambo haya? Haja ipo, tena kubwa. Siku hizi matokeo ya ukaguzi wa kilimo hai, orodha ya mashamba yaliyokubaliwa, masharti ya mnunuzi wa mdalasini au pilipili manga, na majibu ya maombi ya mkopo, yote huja kwa barua-pepe, na aghlabu huingia katika simu ya kijana mmoja wa nyumbani. Simu ikianguka baharini na neno la siri likasahauliwa, barua zote zimekwenda nayo. Tena Google, wenye Gmail, walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa muda wa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Basi akija mtu akasema, "Shamba lako halimo katika orodha," utamjibu kwa nini? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

KWANZA: Barua-pepe ina nini ndani yake

Barua-pepe ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kichwa: jina la mwandishi na la mwandikiwa, tarehe na saa, na khabari za njia ambazo barua imepita. Ya pili ni maneno yenyewe. Ya tatu ni viambatisho, yaani picha, orodha au vyeti vilivyofungwa pamoja nayo. Kanuni ya kupanga kichwa na maneno iliyochapishwa mwaka 1982, na ile ya kuchukua viambatisho ya mwaka 1992, ndizo ambazo programu za barua za leo bado zasimama juu ya misingi yake. Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi za kawaida, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Ndiyo maana faili la barua huwa kubwa kuliko kiambatisho chake kwa kadiri ya theluthi moja. Mtu asishituke akiliona hivyo.

Kuhifadhi barua, basi, ni kuhifadhi sehemu zote tatu. Mwenye kunakili maneno peke yake akayabandika mahali pengine, amechukua makonyo akaacha karafuu.

PILI: Aina za mafaili

Mwisho wa jina la faili huwa na nukta na herufi chache. Sisi tutaziita mkia. Mkia ndio unaoijulisha kompyuta ifungue faili kwa programu gani. Mikia ya kujua ni hii:

(a) .eml. Hili ni faili la barua nzima kama ilivyofika: kichwa, maneno na viambatisho. Hufunguliwa na Thunderbird, programu ipatikanayo bure, na vile vile na Mail ya kompyuta za Apple. Hili ndilo tunalolipendekeza.

(b) .msg. Hili hutolewa na Outlook. Nalo huchukua barua nzima, lakini ni mtindo wa Microsoft, na kompyuta isiyo na Outlook aghlabu hushindwa kulifungua. Kuufuta mkia wa .msg ukaandika .eml kwa mkono hakusaidii. Ni sawa na kubadili maandishi juu ya gunia, na kilichomo ndani ni kile kile.

(c) .pdf. Hii ni sura ya barua kama ingalivyochapwa karatasini. Hufunguka karibu kila mahali, hata katika simu, na yafaa kumwonyesha ofisa. Lakini viambatisho havimo, wala kichwa kamili hakimo.

(d) .txt. Haya ni maneno matupu. Viambatisho hupotea. Na barua ikiwa na herufi za Kiarabu, kama baadhi ya zile zitokazo Oman, usipochagua mpango wa herufi uitwao UTF-8 zaweza kugeuka alama za kuuliza.

Kwa hiyo weka .eml iwe asili, na .pdf iwe nakala ya kuonyesha. Viambatisho vya maana vihifadhi pia peke yake.

TATU: Namna ya kufanya

Katika Gmail, fungua barua kwa kompyuta, si kwa simu. Bonyeza nukta tatu zilizosimama upande wa kulia juu ya barua, kisha chagua "Download message". Faili la .eml litashuka katika kompyuta.

Katika Thunderbird, chagua barua, fungua "File", kisha "Save As", kisha "File" tena.

Katika Outlook ya kawaida ya Windows, fungua "File" kisha "Save As". Ukipewa mtindo wa .msg, chagua wenye neno Unicode, na hapo hapo utoe na nakala ya .pdf.

Kupata .pdf, fanya kama unayetaka kuchapa barua. Palipoandikwa jina la mashine ya kuchapia, chagua "Microsoft Print to PDF", iliyomo katika Windows 10 na 11.

NNE: Majina ya mafaili

Windows haikubali alama 9 katika jina la faili, nazo ni \ / : * ? " < > |. Wengi hukwama hapa, kwa kuwa kichwa cha barua ya majibu huanza na "Re:" chenye nukta mbili. Andika jina fupi, na tarehe itangulie kwa mwaka, mwezi na siku, kwa mfano: 2025-03-14_ukaguzi_orodha-ya-mashamba.eml. Kwa mpango huu mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe.

Tena Windows huficha mikia. Katika Windows 11 fungua folda, bonyeza "View", kisha "Show", kisha "File name extensions", ipate kuonekana. Faili lionekanalo kama cheti.pdf huenda kwa hakika likawa cheti.pdf.exe, na hilo ni programu, si cheti. Usilifungue, lina khatari.

TANO: Jaribio

Mkulima hatii karafuu guniani mpaka ameivunja kwa vidole akaona imekauka. Karafuu mbichi guniani huonekana njema kwa nje, kumbe ndani yaota ukungu. Na faili ni hivyo hivyo: kuliona jina lake si kuwa nalo.

Litie katika flash, ulipeleke kwenye kompyuta nyingine isiyo yako, na uzime intaneti. Kisha ulifungue. Tazama jina la mwandishi, tarehe na maneno. Halafu fungua kiambatisho kimoja kimoja. Picha ikiwa mraba mtupu, jua kwamba haikuwamo ndani ya faili, bali ilikuwa ikivutwa kutoka mtandaoni, nayo siku moja itaondoka. Ihifadhi peke yake. Kila kitu kikifunguka, weka nakala mbili mahali pawili, wala si katika mtoto wa meza mmoja.

ZOEZI

Kabla ya toleo lijalo, kila tawi lichague barua-pepe tatu ambazo zikipotea wanachama watadhurika: ya ukaguzi, ya mnunuzi, na ya fedha. Zihifadhiwe kama tulivyoeleza na zijaribiwe katika kompyuta nyingine. Tawi lisilo na kompyuta, au lenye faili linalokataa kufunguka, na lije afisini na flash yake, tutazame pamoja. Wazee wasione haya kuja na wajukuu zao. Kijana atabonyeza, na mzee ndiye ajuaye barua ipi ni ya maana.

Shime, ndugu zetu. Msimu haumngoji mtu, wala simu mbovu haingoji.

Katibu wa Chama