SOMO LA 9: MPIRA WA WATOTO NA FEDHA

Zamani watoto wa vijiji vyetu walicheza mpira wa matambara baada ya kuchunga mbuzi. Walicheza kwa furaha tu. Siku hizi mpira wa watoto una fedha.

Mwezi wa Aprili 2023, wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walikwenda Durban, Afrika Kusini. Walishinda mashindano ya mpira ya shule za Afrika. Zawadi ya shule iliyoshinda ilikuwa dola za Kimarekani 300,000.

Fedha hizo zina faida. Lakini wahenga walisema: Penye urembo ndipo penye urimbo.

Tuseme mtu anafika kijijini baada ya mavuno. Anajiita wakala. Anasema mwanao wa miaka 15 atacheza Ulaya. Anataka fedha za pasi na za majaribio. Kisha anakupa karatasi utie dole gumba. Unauza ng'ombe wawili, unampa fedha. Naye anatoweka. Ng'ombe hawapo, na mtoto ameacha shule.

Ndugu msomaji, yafahamu mambo haya:

1. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kuwa mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto.

2. FIFA ni shirika la mpira la dunia. Haliruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mbwana Samatta alikwenda kucheza Ubelgiji mwaka 2016. Alikuwa na miaka 23.

3. Mchezaji akiuzwa kwa timu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Bei ikiwa shilingi milioni 100, timu hizo hugawana milioni 5. Kwa hiyo timu ya kijiji isajiliwe katika chama cha mpira. Iandike katika daftari majina ya wachezaji na miaka waliyocheza. Bila daftari, ni vigumu kudai haki.

Sasa wewe unajua kusoma. Usitie dole. Soma karatasi yote, kisha uliza:

Mkataba huu ni wa miaka mingapi?
Nani atalipa karo?
Mtoto akiumia, nani atamtibu?

Asipojibu, mrudishie karatasi yake. Akijibu, usitie sahihi siku hiyo. Kwanza mwonyeshe karatasi hiyo mtendaji wa kijiji na afisa michezo wa wilaya. Mwulize na mtoto mwenyewe anataka nini.

MANENO
Wakala: mtu anayemtafutia mchezaji timu.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa.

MASWALI
1. Kwa nini mtoto wa miaka 15 asiahidiwe timu ya Ulaya?
2. Mchezaji ameuzwa nchi nyingine kwa shilingi milioni 40. Timu zilizomlea zitagawana shilingi ngapi?
3. Jadilianeni: Timu ya watoto ya kijiji chenu ikishinda fedha, nani azitunze, na zitumiwe kwa kazi gani?